Mlango Bubu

Lenzi ilipasuka asubuhi ya baridi kali, mwezi wa saba, na katika watu wote wa Ukingoni aliyefurahi alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeitengeneza. Tusekile Mwambungu alisimama na shuka lake begani akiutazama ule ufa uliokata kauri kutoka ubavu hadi ubavu. Alitikisa kichwa kama wenzake, akasema "loo, loo" kama wenzake, na moyoni akashukuru. Miaka kumi na miwili alikuwa akiingoja siku hiyo. Lenzi ikifa, kosa lake nalo litazikwa, na nani asiyependa kosa lake lizikwe huku watu wakilia kitu kingine?

Kwa macho, lenzi ile haikuwa na lolote la ajabu. Zilikuwa bapa mbili za shaba, kila moja upana wa kitanda cha watu wawili, na katikati yake kauri iliyochomwa kwa udongo wa mlimani. Ukingo mmoja ulikuwa na milango tisa. Ukingo wa pili ulikuwa na milango thelathini na miwili, kila mmoja ukiunganishwa na antena yake iliyosimama nje, pale mlima unapokatika ghafla na kulitazama bonde la Usangu. Mvuke wa ardhini ulizalisha umeme, umeme ukageuzwa kuwa mawimbi mafupi, na mawimbi yakaingizwa kwenye mlango mmoja kati ya ile tisa. Ndani ya kauri kila wimbi lilikuwa na safari yake, hili fupi, lile refu kwa unene wa kucha, kwa hiyo antena hazikuyapokea kwa pamoja. Kule kuchelewa kidogo ndiko kulikoupinda mwale. Ukiingiza mlango wa kwanza, mwale uliangukia Chimala; ukiingiza wa tano, Utengule. Hapakuwa na kitu kinachozunguka wala kitu kinachofikiri. Kompyuta za mwisho zilikufa enzi za bibi yake Tusekile, na waya za umeme za zamani zilikuwa zimeishia kuwa masufuria, basi hii ndiyo njia iliyobaki. Vijiji tisa vya bondeni vilikuwa na pampu tisa za visima virefu, na kila pampu iliishi kwa mlango wake.

Hayo aliyajua kila mtu. Ya mafundi yalikuwa ya pembeni. Mawimbi hayana adabu, hayaendi yote unakoyatuma; mengine hugonga ubavu wa lenzi na kurudi ndani kufanya vurugu. Ndiyo maana kila ubavu ulichongwa milango bubu, isiyokwenda popote, ikashindiliwa mkaa wa miti ya miwati uliosagwa na kukandwa kwa gundi ya miti ya misindano, ili uyameze mawimbi hayo. Na mkaa huo lazima uchomwe mara mbili. Ukichomwa mara moja hubaki na unyevu ndani yake, na mlango badala ya kumeza hutema.

Mlango bubu wa mwisho, upande wa mashariki, Tusekile aliushindilia mkaa uliochomwa mara moja. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, hawezi kusema hakujua. Pampu ya Utengule ilikuwa imesimama siku kumi na moja, wajumbe wamekaa kwenye kizingiti cha karakana wakimtazama mikono, mkaa mzuri umekwisha na tanuri limelowa mvua. Akajisemea huu mmoja hautamdhuru mtu, akaifunika lenzi, akaenda kulala.

Ambakisye ndiye aliyeifukua habari hiyo. Alikuwa mpimaji wa karakana, mtu mrefu, mpole, aliyefanya kazi naye tangu ujana wao, na tabia yake mbaya ilikuwa moja tu: kupima hata kile ambacho hakuna aliyemwomba akipime. Lenzi ilikuwa bado ikifanya kazi kwa nusu nguvu, na ilipaswa kuendelea hivyo hadi mpya ikamilike. Ambakisye aliizunguka na vipimo vyake siku nzima. Jioni akaja na karatasi.

"Mama Lugano, hebu njoo uone," alimwita Tusekile.

"Ufa umeongezeka?"

"Si ufa. Ufa una siku mbili, na hii ina miaka. Nimefungua mlango bubu wa mwisho. Mkaa umekuwa jivu jeupe." Aliweka kidole kwenye karatasi. "Unatema. Na unakotema si kote kote, ni mahali pamoja. Korongo la Nyalugongo."

"Nyalugongo hakuna watu," Tusekile alisema, upesi mno.

"Kwenye daftari la vijiji hakuna. Lakini moshi ninaouona mimi kila asubuhi haujui kusoma daftari."

Tusekile aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Ambakisye alimtazama akiikunja, akarudi kwenye vipimo vyake.

*

Aliondoka asubuhi, akafika saa saba mchana. Nyalugongo ni ufa mwembamba kwenye ubavu wa mlima, kuta zake ndefu kiasi kwamba jua huingia saa moja tu kwa siku. Nyumba zilikuwa za mawe, zimebanana chini ya ukuta mmoja, maana upande wa pili palikuwa na mkondo wa maji ya mvua ambao kiangazi huwa mchanga mtupu. Kabla hajaona mtu aliona taa.

Tyubu laiti zilining'inia kila mahali. Zile nyeupe ndefu za zamani, zilizookotwa kwenye magofu ya miji, zimefungwa kwa kamba za katani juu ya milango, kwenye boriti, kwenye zizi la mbuzi. Hazikuwa na waya hata mmoja, na zote zilikuwa zinawaka. Ziliwaka kwa mwanga hafifu wa maziwa, mchana, zenyewe. Juu ya nyumba, kutoka ukuta hadi ukuta, palitandazwa neti ya waya iliyofumwa kwa mkono, na chini yake pampu ilikuwa ikigonga polepole, tak, tak, ikitoa maji membamba kama kidole.

Tusekile alikaa juu ya jiwe, akakohoa. Alikuwa amejiandaa kukuta familia mbili, tatu. Hapa palikuwa na watu wasiopungua mia tatu, na wote walikuwa wakiishi ndani ya kosa lake.

Mwanamke wa makamo alikuja akipapasa ukuta kwa kiganja. Alivaa koti la kijeshi lililofifia na kanga kiunoni.

"Nani huyo? Sikijui kikohozi hicho."

"Mimi ni mgeni, dada. Naitwa Tusekile. Natoka Ukingoni, kwenye antena."

Mwanamke alisimama. Kisha akapiga kofi kwa furaha, akaita ndani ya nyumba. "Jamani! Mtu wa taa amekuja!" Akamgeukia tena. "Mimi Twilumba. Karibu, fundi, karibu sana. Tulikuwa tunasema lazima yupo mtu. Kitu kizuri hivi hakiwezi kujileta chenyewe. Lakini siku hizi tatu mbona nguvu imepungua? Tumekosea nini?"

Walimletea maji kwanza, kikombe kizima, wakamtazama akinywa. Wakamletea viazi. Watu walijaa mlangoni, na kila aliyeinama kumsalimia, Tusekile alimwona macho. Waliopita miaka thelathini karibu wote walikuwa na mtoto wa jicho: mboni imetiwa ukungu, nyingine imekuwa nyeupe kabisa. Binti wa Twilumba, Zelina, wa miaka minane, alikuja kumpa mkono, na mkono wake ukapita hewani pembeni kidogo ya mkono wa Tusekile kabla haujaupata.

"Macho yalianza lini?" aliuliza.

"Haya? Ni moshi," alisema Twilumba. "Nyumba hazina madirisha. Wengine wanasema ni chumvi ya kisima."

Angeweza kuondoka wakati ule. Viazi vilikuwa vimekwisha, njia ilikuwa ndefu, na mtu wa kumshitaki alikuwa Ambakisye peke yake, ambaye asingemshitaki. Tusekile alijifuta mikono kwenye sketi mara mbili, akapiga moyo konde.

"Si moshi, dada. Ni taa. Mwale huu unaoziwasha haukutumwa kwenu, unavuja. Nilifanya kazi mbovu mimi mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita. Jicho ndani lina maji safi mfano wa ute wa yai, na unajua ute wa yai ukiona moto unavyokuwa. Joto hili hamlisikii, lakini jicho halina damu ya kulipoza. Kila mtoto anayekua hapa atakuwa kipofu."

Pampu iliendelea. Mzee mmoja alitoka akijikokota, mwingine akamfuata. Twilumba aliyapapasa magoti yake.

"Kabla ya taa," alisema hatimaye, "tulikuwa tunachimba mchanga wa korongo kwa mikono. Maji yalitoka meusi. Nimezika watoto wawili, fundi, wote kwa kuhara, katika mwezi mmoja. Siku tyubu ya kwanza ilipowaka tulidhani ni uchawi, tukakimbia. Baadaye kaka yangu akagundua neti na pampu. Tangu hapo sijazika mtoto. Zelina alizaliwa baada ya hapo." Alimshika binti kichwa. "Sasa unakuja kuniambia nini? Kwamba utaifunga?"

"Nakuja kukuambia ukweli."

"Ukweli nimeusikia. Nakuuliza utafanya nini."

Tusekile alijaribu kumweleza. Vijiji vyote tisa vilipokelea mwale kwenye uwanja mtupu, wenye uzio, mbali na nyumba. Mwale mwembamba wa kuangukia neti peke yake, bila kugusa nyumba zilizo chini ya pua yake, ungehitaji antena mara nne ya zilizopo, na shaba hiyo haikuwapo duniani. Na hapa korongoni hapakuwa na uwanja. Kilichobaki ni wao kuhamia bondeni.

"Bondeni tunafukuzwa," alisema Twilumba. "Wazazi wetu walifika daftari limeshafungwa. Asiyeandikwa haruhusiwi kulala Usangu hata usiku mmoja, wewe unajua."

Alijua.

"Basi usiifunge," alisema Twilumba, na sauti yake haikuwa ya kuomba. "Ukiweza, iongeze. Nitamfundisha Zelina kutembea kwa mikono. Mimi mwenyewe nimejifunza; kilichobaki machoni mwangu ni mwanga wa taa tu."

*

Wiki tatu Tusekile aliichora lenzi mpya, na wiki tatu hakulala vizuri. Alipima mikunjo ya ukingo kwa uzi na msumari, akachonga bapa, akasugua, akapima tena. Kazi ya milango tisa ilikwenda vizuri kuliko wakati wowote. Milango bubu aliishindilia mkaa mweusi uliochomwa mara mbili, mmoja mmoja, hadi akaufikia wa mwisho upande wa mashariki. Hapo akaweka chini mchi. Mlango ule ulikaa wazi siku nne, na kila alipoingia karakana aliupita akitazama pembeni kama mtu anayemkwepa mdai wake.

"Ukiuziba, watakunywa matope," Ambakisye alisema siku ya nne, maana sasa alijua yote. "Usipouziba, unawapofusha. Mimi sikuambii lipi."

"Sikukuuliza."

"Unaniuliza tangu Jumatatu, mama, kwa kunikasirikia."

Tusekile alicheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono mchafu wa mkaa. Akamwambia alichokuwa akikifikiria. Lenzi yoyote mpya, kabla ya kufunikwa, ilikuwa na desturi moja: kusomwa. Fundi alisimama mbele ya halmashauri na wajumbe, akataja kila mlango na kijiji chake, na wenye kijiji wakaitika "Tupo." Waasisi waliweka desturi hiyo ili pasiwe na kijiji kitakachoibiwa mlango kwa siri. Na maandishi yalisema wazi kwamba kilichosomwa na kuitikiwa kimeandikwa. Hapakuwa na mstari unaosema viwe tisa tu.

"Nikiwasoma Nyalugongo, wakaitika, wataingia daftarini," alisema. "Wakiwa daftarini hawafukuzwi tena. Watapewa ardhi bondeni, kisima, chochote. Wakishahama, naziba mlango. Mpaka hapo unabaki wazi na maji wanayo."

Ambakisye alijikuna kidevu. "Utalazimika kueleza mlango upo wazi kwa nini."

"Nitaeleza."

"Kosa lako, mbele ya watu wote."

"Nimelikalia miaka kumi na miwili, Ambakisye. Limenichosha kulikalia."

Ambakisye alikwenda akaleta jiwe la kusugulia, akaanza kuung'arisha ule mlango uliokuwa wazi, kwa sababu kazi mbovu hakuipenda hata kwenye kitu kitakachozibwa.

*

Ukumbi ulijaa tangu saa mbili asubuhi. Wajumbe wa bondeni walikuwa wamepanda mlima jana yake na walikuwa wakitetemeka ndani ya mablanketi, maana baridi ya Ukingoni hawakuizoea. Mwenyekiti, Lutengano Sanga, alikaa katikati na daftari mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti laini na mafua ya kudumu, na mwaka wa ukame mkubwa aliuza mifugo yake yote kulisha shule. Lenzi ililazwa juu ya meza, bapa la juu halijawekwa, kauri yake nyeupe ikitazama dari.

"Mlango wa kwanza, Chimala," alisoma Tusekile.

"Tupo!"

"Mlango wa pili, Igurusi."

"Tupo!"

Alikwenda hivyo hadi wa tisa. Mwenyekiti alikwisha kunyoosha mkono kulifunga daftari.

"Mlango wa kumi," alisema Tusekile. Alisikia sauti yake ikikwaruza. "Nyalugongo."

Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, mwanamke mwenye koti la kijeshi, ambaye Tusekile alimwita kwa siri, alisimama akishika bega la binti yake.

"Tupo," alisema Twilumba.

Ilikuwa patashika. Wajumbe walisimama, mmoja akapiga meza, mwingine akauliza hao ni nani na wamepandaje. Tusekile hakukaa. Alieleza kila kitu: mkaa mmoja, mlango mmoja, watu mia tatu, macho. Alieleza mpaka wakanyamaza. Hakujitetea, na aliposema "ni mimi" hakuna aliyemzomea, jambo ambalo hakulitegemea.

Lutengano Sanga alilifungua daftari tena, akasoma ukurasa wa mwanzo, ule wa waasisi, akiufuatisha kwa kidole. Alisoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu.

"Amesema kweli," alitangaza. "Kilichosomwa na kuitikiwa kimeandikwa. Siwezi kukifuta." Akaandika, taratibu, herufi kubwa. "Nyalugongo. Mama, karibuni."

Tusekile alishika ukingo wa meza. Alimwona Twilumba akimwinamia binti yake akimnong'oneza kitu, na Zelina akacheka kwa sauti katikati ya watu wazima wote wale. Ambakisye, kwenye safu ya mafundi, alijifunika uso kwa kofia.

"Sasa," alisema mwenyekiti, akapenga kamasi. "Katibu, nisomee sheria ya uwanja mtupu."

Katibu alisoma. Hakuna mtu aliyeandikwa atakayekaa kwenye njia ya mwale. Mwale ukigundulika umewaangukia walioandikwa, utafungwa ndani ya siku tatu.

Mwanzoni Tusekile hakuelewa. Alielewa alipoona mwenyekiti anamtazama kwa huruma.

"Wapeni ardhi," alisema. "Bwana mwenyekiti, wahamishwe kwanza. Maji ya Chimala yanaweza kugawanywa—"

"Kisima cha Chimala kinatoa tone kwa tone, fundi!" mjumbe wa Chimala alisema, na alikuwa amekwisha kutokwa machozi ya hasira. "Njoo uhesabu ndoo za mke wangu!"

"Ombi la ardhi litapokelewa," alisema mwenyekiti. "Kikao cha ardhi ni baada ya mavuno, miezi minane. Sitawadanganya, mbele yao kuna maombi ya vijiji vinne. Mlango wa kumi wa halali hatuwezi, nguvu ikigawanywa kumi hakuna pampu hata moja itakayonyanyua maji. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo. Kilichobaki ni huo unaovuja."

"Uacheni. Miezi minane tu."

"Jana ningeweza kuuacha. Jana hapakuwa na mtu kule." Lutengano Sanga alizungumza polepole, kama anayemsaidia mgonjwa kuketi. "Leo wapo, wameandikwa, na shahidi aliyeapa kwamba unawapofusha watoto wao ni wewe. Nikiuacha, nimewapofusha mimi, kwa kalamu hii. Ungenishauri nini?"

Tangu Tusekile alipoanza kusema, kila alilosema lilikuwa kweli, na hata sasa hakuona mahali pa kulirudisha hata moja. Akikataa kuuziba, lenzi mpya isingeruhusiwa kuwekwa, na vijiji tisa vingebaki na ile iliyopasuka mpaka ikatike kabisa.

Twilumba alikuwa bado amesimama. Hakuwa amefuata maneno yote ya katibu, lakini ukimya aliufuata.

"Fundi," aliita kutoka nyuma. "Wanasemaje? Maji tutapata?"

Watu walimgeukia Tusekile, wote, pamoja na wale waliokuwa wakipiga kelele muda mfupi uliopita. Alimwambia. Alimwambia kwa sentensi nne, kwa sauti ya kawaida, na Twilumba alisikiliza hadi mwisho huku mkono wake ukizunguka polepole juu ya nywele za binti yake.

"Tungebaki hatupo," alisema Twilumba, akatoka nje.

*

Alipewa siku tatu. Tusekile aliimaliza kazi kwa mbili, kwa sababu wajumbe hawakushuka mlima. Walikaa kwenye kizingiti cha karakana wakimtazama mikono, na nyumbani kwao watoto walikuwa wanangoja maji. Mlango wa mashariki aliushindilia mwenyewe. Alichoma mkaa mara mbili, akauchekecha kwa kitambaa, akaukanda hadi gundi ikang'aa, akaugonga ndani kwa mchi mdogo kipande kwa kipande. Ambakisye alipima. Alisema hajawahi kuona mlango bubu ukimeza namna hiyo, na akasema kwa uchungu.

Adhuhuri ya siku ya pili waliingiza mawimbi. Pampu tisa ziliitika bondeni.

Sheria iliagiza fundi ashuke kuhakikisha kwa macho yake. Alifika Nyalugongo siku ya nne asubuhi. Kwenye mwinuko wa njia alikutana na watu wanaopanda, magunia kichwani, mbuzi mbele, na wengi walimpita bila salamu. Mzee mmoja alimsalimia, ikawa mbaya zaidi. Hakuwauliza wanakwenda wapi, maana hapakuwa na pa kwenda. Korongoni wanaume walikuwa wameing'oa pampu tangu juzi alfajiri ili waibebe, na neti ilikuwa imeviringishwa chini kama mkeka. Kisimani palikuwa na ndoo moja imepinduliwa.

Twilumba alikuwa ndani ya nyumba yake, amekaa juu ya kigoda, mizigo yake haijafungwa hata mmoja. Nyumba ilikuwa giza tupu. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kuelekea kwenye boriti, mahali tyubu iliponing'inia.

"Nani?"

"Mimi, dada. Tusekile."

"Nimekujua kwa hatua." Hakuugeuza uso. Alikaa kidogo, akalamba midomo. "Wenzangu wanaharakisha kufunga, hawana nafasi ya kuulizwa. Nataka unijibu wewe. Taa ile inawaka?"

Tusekile aliitazama. Ilikuwa mrija wa kioo wenye vumbi, kijivu, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Haiwaki. Nimeifunga juzi adhuhuri. Niliwahi siku moja, nisamehe. Mlikuwa mmeambiwa itafungwa jana."

Mabega ya Twilumba yalishuka. Alishusha pumzi ndefu, akajipangusa uso kwa pindo la kanga, na kwa mara ya kwanza tangu ukumbini akatabasamu.

"Afadhali," alisema. "Nimekaa hapa siku mbili naogopa kumwuliza hata mtoto. Nilidhani ni macho yangu."